Kabla hujalipia "lesa" ya mabaka ya usoni, soma yaliyonikuta

Mtoa mada umeuliza kama ulipe laki sita saluni, awamu sita za lesa, kuondoa mabaka ya mashavuni yaliyokuja na ujauzito. Dada yangu, shikilia hela yako kwanza.

Yangu yalianza mimba ya pili, miezi mitano hivi. Mashavu yote mawili, paji la uso, na juu ya mdomo kama masharubu. Nikajua mtoto akitoka nayo yataondoka. Mtoto akatoka, yakabaki. Rafiki yangu akanipeleka saluni moja hapa Dar yenye mashine wanayoiita lesa. Kumbe wala si lesa, maana lesa ni mwanga wa rangi moja tu; hii ni IPL, mwanga mkali wa mchanganyiko wa rangi unaomulika kama flashi ya kamera. Nikapakwa jeli ya baridi, nikavishwa miwani, na kila pigo ni kama umechapwa na mpira wa kufungia noti. Nikasikia harufu ya vinyweleo kuungua. Binti ananiambia "ndiyo inafanya kazi hivyo". Siku ya tatu naamka nina alama za mstatili shavuni, zimepangana kama matofali, nyeusi kuliko mabaka yenyewe. Mume wangu akaniangalia, akarudi kwenye chai yake.

Daktari wa ngozi ndiye aliyenifumbua macho. Mwanga ule unatafuta melanini, ile rangi ya ngozi, na haujui hii ya baka na hii ya kwako ya kuzaliwa. Mtu mweupe ana melanini kidogo nje ya baka, sisi tunayo uso mzima, kwa hiyo tunaungua, na ngozi yetu ikishaungua hupona kwa kuacha weusi. Ndiyo maana kwa ngozi nyeusi hupendelewa aina ya lesa inayoitwa Nd:YAG, yenye mawimbi ya mwanga ya urefu wa nanomita 1064: inazama chini zaidi na melanini hainyonyi sana mwanga wake. Ila hata hiyo, kwa mabaka kama yetu (jina lake melasma), inafifisha tu. Jua na homoni vikiwa palepale, yanarudi. Na ukiirudia kupita kiasi inaweza kukuachia vidoa vyeupe, na hivyo ni vigumu kuvitoa.

Sisemi lesa ni utapeli. Kuna ule weusi wa kibluubluu unaozunguka jicho upande mmoja, mara nyingi tangu utotoni, unaitwa nevasi ya Ota. Huo lesa ndiyo tiba yake hasa. Kwa hiyo kwanza ujue una doa gani, na saluni hawawezi kukuambia.

Mimi nilichopewa ni losheni ya kuzuia jua yenye rangi, ile ya kahawia. Rangi ile ni oksidi ya chuma, inazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa ngozi zetu nao unachochea mabaka. Losheni nyeupe niliyokuwa naringa nayo ilikuwa inaupitisha. Usiku krimu ya haidrokwinoni (dawa ya kupunguza weusi wa ngozi) asilimia 4 na tretinoini (dawa ya kuharakisha ngozi kujibadili), miezi mitatu tu, kisha nikaachishwa. Hizi kama una mimba au unanyonyesha mwambie daktari kabla hajaandika. Na usiende kuitafuta Kariakoo! Vipodozi vyenye haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na wanaojipaka mkorogo miaka nenda rudi huishia na weusi wa kijivu uliokomaa ambao hata lesa inahangaika nao. Nikabadili na njia ya uzazi wa mpango, maana ya homoni nayo ilikuwa inachangia.

Matofali yalichukua miezi minane kufifia. Moja bado lipo karibu na sikio, nalificha kwa mtandio. Mabaka yenyewe yanaonekana nikikaa sana juani tu.

Ukiamua kwenda hivyo hivyo, uliza mashine inaitwaje, na wajaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya, usubiri wiki kadhaa. Wakikwambia hakuna haja, beba pochi yako uondoke.