Nilivyoua sampuli kwa tochi ya simu (soma kabla hujanunua droni)

Juzi imeingia meseji, kijana yuko mwaka wa mwisho wa akiolojia, anasema "dada nimejiwekea hela kidogo, ninunue droni au nilipie kozi ya kuchakata data za laida? Nataka niwe mwanaakiolojia wa kisasa." (Laida ni kupima sura ya ardhi kwa leza kutoka angani.) Nilicheka peke yangu. Sio kwa dharau, ni vile swali hilo nilishawahi kuuliza mimi mwenyewe karibu neno kwa neno, na aliyenijibu alinijibu vibaya. Alafu meseji yenyewe imeingia wiki ileile nimepokea majibu ya maabara niliyoyasubiri miezi na miezi, kwa hiyo niko kwenye mudi ya kuongea. Kaa vizuri, hii ni ndefu.

Naanza na aibu yangu.

Msimu wangu wa pili kwenye uchimbaji nilipewa kazi ya kuchukua sampuli za kupima umri kwa mwanga. Kwa ambao hamjakutana nazo, iko hivi: chembe za mchanga, hasa za madini ya kwatzi, zikishafukiwa zinaanza kukusanya nishati kutoka kwenye mionzi ya asili ya udongo unaozizunguka. Kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, elektroni zinanaswa ndani ya chembe. Zikipigwa na mwanga zinaachia kila kitu, saa inarudi sifuri. Kwa hiyo maabara wanazifungulia kwenye chumba chenye taa nyekundu hafifu, wanazipiga mwanga wa buluu au kijani, wanapima mng'ao unaotoka, wanagawanya kwa kiasi cha mionzi ambayo udongo ule unatoa kwa mwaka, na hapo ndo unajua mchanga ule uliona jua mara ya mwisho lini. Mimi mpaka leo nikieleza hii kitu nasisimka.

Shambani kazi yenyewe haina mbwembwe. Unasafisha ukuta wa shimo, unagongelea bomba la chuma kwa ubavu mpaka lijae, unalichomoa, unaziba pande zote mbili, unafunga kwa plastiki nyeusi, unaandika lebo. Mabomba manne. Matatu yaliingia kama siagi. La nne likakutana na jiwe, likatoka nusu.

Bomba nusu ni balaa kwa sababu mchanga unachezacheza njiani, chembe za pembeni zilizoonja mwanga wakati wa kuchomoa zinachanganyika na zile safi za katikati. Hilo nilikuwa nalijua! Ndo maana inauma. Nilitakiwa niliache, nigongelee jingine sentimita kadhaa pembeni, dakika ishirini zimeisha. Lakini jua lilikuwa linazama, kesho yake tunafukia shimo, na mimi nilitaka mabomba manne kwenye orodha. Nikajiona mjanja, nikasubiri giza liingie kabisa, nikajifunika turubai, nikalifungua bomba, nikamwaga ule mchanga kwenye mfuko ili niuongezee mwingine kutoka ukutani. Gizani sasa nitaonaje? Nikawasha tochi ya simu. Nilisema si jua, ni katochi tu.

Taa nyeupe ya simu imejaa buluu. Buluu ileile ambayo maabara wanaitumia kuziamsha chembe. Yaani nilifanya kazi ya maabara chini ya turubai, bila mashine ya kupima, nikaifuta sampuli kwa mkono wangu.

Miezi ikapita (hapo naruka, ilikuwa kuosha vigae na kuandika namba juu ya vigae). Majibu yakaja. Mabomba matatu yakaeleweka, la nne chembe zake zimetawanyika, nyingine zinasema za zamani sana, nyingine zinasema zimefukiwa jana. Na hilo la nne ndilo lilikuwa limetoka kwenye tabaka la chini kabisa, lile tulilokuwa tunalitaka kuliko yote. Kiongozi wa uchimbaji akaisoma ile ripoti kwa sauti mbele ya watu wote, akanigeukia, akasema "tumuulize Mama Tochi." Watu wakacheka. Jina likanikaa misimu miwili. Kuna watu mpaka leo wakikutana na mimi ndo wananiita hivo, wanadhani ni utani.

Na ningependa kusema nimeshasamehe ila sijui kama nimesamehe, maana bwana yuleyule msimu ule aliruhusu kona nzima ya shimo ichimbwe bila kuchorwa kwa sababu "tumechelewa", na hakuna aliyempa jina. Haya, tuyaache.

Sasa turudi kwa kijana wangu na droni yake.

Mimi sio adui wa mashine. Laida imefanya maajabu na haina ubishi. Caracol, mji wa kale wa Wamaya kule Belize, watafiti walitembea msituni miaka kama 25 wakapima ramani ya kilomita za mraba 23 hivi. Mwaka 2009 ndege ikapita juu ikirusha leza, siku chache tu, wakapata kilomita za mraba 200, matuta ya kilimo, barabara, nyumba, vyote vimejificha chini ya miti. Lakini laida inakuambia pana tuta, haikuambii tuta la lini wala la nani. Ili ujue hayo lazima mtu apige magoti na mwiko mkononi. Na Kiswahili kimetutendea haki hapa, mwiko ni kifaa na mwiko ni katazo, mimi nilishika wa kwanza nikausahau wa pili.

Kila kipimo cha kisasa unachokiota kinategemea huyo mtu aliyepiga magoti. Chukua rediokaboni, yaani kupima umri wa kitu kilichowahi kuwa hai kwa kaboni-14 iliyobaki ndani yake. Mwanakemia Willard Libby na wenzake waliitangaza 1949, akapata Nobel 1960, na siku hizi mashine za kuhesabu atomi zinahitaji miligramu tu, mbegu moja iliyoungua inatosha. Inapima mpaka kama miaka 50,000 nyuma, zaidi ya hapo kaboni-14 iliyobaki ni kidogo mno maana kila miaka 5,730 inapungua nusu. Safi. Lakini mashine inapima kile ulichoitumia. Ukiipa mkaa wa kiini cha mti uliokuwa na miaka mia tatu, itakuambia kiini kile kiliota lini, haijui moto uliwashwa lini. Ukiipa mkaa uliodondoka kwenye tundu la panya kutoka tabaka la juu, itakupa umri sahihi kabisa wa kitu kisichohusika. Ndo maana mimi siku hizi napenda mbegu, zinaishi msimu mmoja tu. Na mbegu huzioni kwa macho, unachukua ndoo za udongo unauloweka, vinavyoelea unavinasa kwenye wavu mwembamba. Ndoo, maji, wavu. Hiyo nayo ni akiolojia ya kisasa, sema haipendezi kwenye picha.

Kazi ninayoihusudu kuliko zote ni ya Panga ya Saidi, lile pango la pwani ya Kenya. Walifika kwenye kishimo chenye mifupa laini kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga. Wangeweza kuendelea kudonoa, sote tunaijua ile kiu ya kutaka kuona leo hii hii. Wakaacha. Wakamimina plasta kuzunguka, wakanyanyua bonge zima, likaenda kufunguliwa maabara polepole, na mashine za picha za eksirei za pande zote zikaangalia mpaka ndani. Ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa kwa ubavu, miaka kama 78,000 iliyopita, ikachapishwa 2021. Na umri ule ulipimwa kwa nini? Kwa mwanga. Mchanga uliochukuliwa na watu ambao hawakuwasha tochi.

Haya unataka ushauri, chukua. Andika hapohapo. Usiseme nitaandika jioni, jioni umechoka na rangi ya udongo umeshaisahau, na rangi usiandike "kahawia kiasi", fungua kitabu cha Munsell, kile chenye vipande vya rangi na namba zake, uandike mfano 10YR 4/3 ili mtu mwingine aione rangi ileile. Lebo mbili, moja ndani ya mfuko moja nje, kwa penseli, wino unayeyuka. Chora hata kama umepiga picha, kwa sababu kuchora kunakulazimisha uamue mpaka wa tabaka uko wapi, kamera haiamui. Jifunze mchoro wa Harris, ule aliobuni mwanaakiolojia Edward Harris 1973 wa kuonyesha tabaka gani liko juu ya lipi, unahitaji karatasi tu. Na ukiharibu, andika kwamba umeharibu, saa ileile, jina lako pembeni. Mimi ningeandika "bomba namba 4 lilifunguliwa, tochi" wangelitupa pale pale na tungegongelea jingine asubuhi kabla ya kufukia. Aibu ya dakika tano nikaikwepa nikaibeba misimu miwili. Vijana mnataka majina yenu kwenye makala, sawa, hata mimi nilitaka, lakini anzeni na majina yenu kwenye daftari. Andikeni, jamani. Andikeni.

Yale majibu ya wiki hii sasa. Shimo langu, mimi ndo kiongozi. Mabomba matatu, la juu ndo changa, la kati linafuata, la chini ndo kongwe kuliko yote, yamepangana kama ngazi, na la kati limekubaliana na mbegu iliyoungua tuliyoipeleka rediokaboni kwenye maabara tofauti kabisa. Nimeisoma ile ripoti mara sita. Msaidizi wangu mmoja bomba lake la kwanza lilikutana na jiwe, akaja mwenyewe kuniambia, tukaliandika kwenye daftari, tukaliacha, tukagongelea jingine pembeni. Sikumpa jina lolote.

Wewe wa droni, hela yako usiitumie bado. Nitumie kwanza picha za daftari lako la mafunzo ya shambani, kurasa tatu tu. Usinichagulie zile nzuri, nataka za siku ile mvua ilinyesha.