Usivumilie Kinachouma: Majibu ya Barua Zenu

Mwezi huu nimezisoma barua zenu kalamu nyekundu ikiwa mkononi, na neno nililolipigia mstari mara nyingi kuliko yote ni "vumilia". Msusi kamwambia mteja avumilie. Mpenzi kamwambia mwenzake avumilie. Bosi naye kalisema kwa namna yake. Kwa mnaokutana nami leo kwa mara ya kwanza: nilisuka vichwa vya watu kwa miaka 16 kabla mgongo haujanitoa kazini, na karibu yote ninayoyajua kuhusu wasichana na pesa zao niliyasikia wakiwa wamelaza vichwa kwenye magoti yangu. Naanza na barua iliyoniuma zaidi.

Shikamoo dada. Nina miaka 24. Nasuka rasta tangu nikiwa shule. Nikifumua leo, kesho nasuka tena. Sasa nywele za mbele na za juu ya masikio zimeisha, nikipitisha mkono nagusa ngozi. Kila nikisuka kichwa kinauma siku tatu au nne na vipele vidogo vinatoka pembeni. Msusi wangu husema nivumilie ili zidumu. Naomba unitajie mafuta ya kuotesha nywele za mbele. – Mwenye Kilemba

Marahaba, mdogo wangu. Mafuta sikutajii. Kichwa chako hakijakosa mafuta, kinavutwa.

Nikueleze kinachofanyika mkononi mwa msusi, maana nimekifanya mara nyingi mno. Anachukua kishungi kidogo pale nywele zinapokutana na paji la uso, penye nywele laini na fupi kuliko za kwingine kote. Anapachika rasta, anakaza msokoto wa kwanza kwa kidole gumba, kisha anauvutia kwake ili mstari uonekane safi. Nywele chache hizo ndizo zitakazobeba uzito wa rasta ndefu mpaka mgongoni, mchana na usiku, kwa wiki kadhaa. Kila unywele umeota kwenye kitundu chake ndani ya ngozi, na ukivutwa bila kupumzishwa, kitundu kinavimba. Vile vipele unavyoviona ndiyo uvimbe wenyewe. Madaktari wa ngozi huuita ugonjwa huu alopesia ya kuvutwa. Ukiwahiwa, nywele hurudi. Ukiachwa miaka, kitundu kinageuka kovu, na kovu halioti nywele hata ulipake nini.

Kwa hiyo kesho asubuhi kaa dirishani na kioo. Vuta ngozi ya pembeni taratibu kwa vidole viwili, uangalie. Ukiona vitundu, na vinywele vyembamba vimebaki kama pindo la kitambaa, una matumaini makubwa. Ukiona ngozi nyororo inayong'aa, isiyo na kitundu hata kimoja, hapo pengine pameshafunga. Vyovyote iwavyo, nenda kwa daktari wa ngozi. Anaweza kukupa dawa ya kutuliza uvimbe, au minoksidili, dawa ya kupaka ya kusaidia nywele kuota. Mwambie mapema kama una mimba au unapanga kuipata. Na wengine mnaosoma: kama nywele zinaanza kuisha utosini na upara unatanuka kama duara, panawasha au panachoma, huo mara nyingi ni ugonjwa mwingine, nao hauna subira. Nendeni upesi.

Wewe, Mwenye Kilemba, fumua wiki hii. Usingoje rasta zizeeke. Kisha zipe nywele za mbele miezi, si siku: unywele hurefuka takriban sentimita 1 kwa mwezi, tena huo ni unywele ulioanza kuota. Ukivaa wigi, vaa lenye mpira usiobana, juu ya kofia ya satini, na gundi isiguse ukingo wa nywele kabisa. Dawa ya kunyoosha iache kwa sasa. Nywele zilizowekwa dawa kisha zikasukwa kwa nguvu huumia mara mbili.

Siku ukirudi kusuka, nywele za pembeni ziachwe nje. Misuko iwe minene kiasi, rasta ziwe nyepesi, na zisizidi wiki 6 hadi 8. Kabla hujanyanyuka kitini, inua nyusi. Kama ngozi ya paji inagoma kwenda, umebanwa. Na kama unahitaji kidonge cha maumivu ili ulale, fumua usiku huohuo, hata kama umeshalipa.

Kuna jambo sijawahi kuliandika hapa. Miaka mingi iliyopita alinijia binti aliyekuwa akijiandaa kwa mahafali yake. Nilipofika nywele za juu ya sikio niliona kidole gumba chake kikibonyeza leso kila nilipokaza. Hakusema kitu. Nikamwambia, "Vumilia, tunakaribia." Hatukuwa tumefika hata nusu. Alirudi baada ya wiki 7 na mabaka mawili ya upara, akaniomba radhi yeye, eti nywele zake ni dhaifu. Mikono yangu ndiyo iliyomuumiza, na bado yeye ndiye aliyeomba radhi. Tangu siku ile kila kichwa nilichokigusa nilikiuliza kwanza, "Hapa panauma?" na nikangoja jibu.

Basi sema kwenye msuko wa kwanza, kabla ya wa pili: "Dada, hapa panauma, naomba ulegeze." Msusi mzuri ataufumua huo mmoja na kuurudia. Akinuna, inuka uende na huo mmoja kichwani. Nyumbani utaufumua kwa dakika moja.

Habari dada. Nimefumua nywele nilizosuka kwa wiki 6, zimetoka bonge zima la nywele kama ngumi. Nilikaa chini nikalia. Nakuwa na kipara? – Bonge Mkononi

Pole, futa machozi tuhesabu. Kichwa chenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku. Wiki 6 ni siku 42, na muda wote huo nywele zilizong'oka zilikuwa zimeshikwa ndani ya misuko, hazina pa kwenda. Zidisha: ni kati ya 2,100 na 4,200. Ngumi yako ni ya kawaida.

Lakini chukua nywele 10 kutoka kwenye bonge hilo, uzilaze juu ya karatasi nyeusi. Tazama ncha zake. Yenye kidoto cheupe upande mmoja imeng'oka yenyewe, muda wake ulikuwa umekwisha. Isiyo na kidoto popote imekatika njiani. Zikiwa nyingi ni za kukatika, kosa liko kwenye uchanaji: nywele za asili zina mikunjo, na kila kona ya mkunjo ni dhaifu. Zilowanishe, paka losheni ya kulainishia, tenganisha mafundo kwa vidole, kisha tumia chanuo la meno mapana ukianzia nchani kupanda kwenye shina. Ukianzia kwenye shina unayasukuma mafundo yote yajikusanye mahali pamoja.

Dada, nina miaka 27, nimeajiriwa. Mpenzi wangu wa miaka 2 aliniomba nikope kwa jina langu kwenye programu ya simu, yeye atalipa. Alilipa mwezi wa kwanza tu. Sasa nalipa mimi, na mshahara hautoshi, nakopa programu moja kulipa nyingine. Ziko nne. Nikimuuliza anasema mapenzi ni kuvumiliana. Wiki iliyopita ameniletea fomu ya benki nimdhamini. Nampenda. Nifanye nini? – Jina Langu

Jina ulilojichagulia limenigusa, kwa sababu hicho ndicho kitu chako wanachokigombania watu wawili, mwenzako na mkopeshaji.

Fomu kwanza, maana hiyo ina haraka. Usiisaini. Watu hudhani mdhamini ni shahidi wa tabia njema. Mdhamini ni mlipaji wa pili: mkopaji akishindwa, benki inakuja kwako, kwenye mshahara wako na kwenye jina lako, hata kama mmeshaachana na yeye ameoa kwingine. Mtu aliyelipa mwezi mmoja akanyamaza ameshakuonyesha fomu hiyo itaishia wapi.

Sasa hizo programu nne. Tuseme umekopa 100 kwa riba ya 10% kwa mwezi. Ukisikia 10% unaona ndogo. Lakini usipolipa, na riba ikazaa juu ya riba, baada ya miezi 6 unadaiwa 177, na baada ya mwaka 314. Tena hapo sijaweka faini za kuchelewa. Unapochukua mkopo wa tatu kulipa wa pili, deni halipungui hata kidogo. Linahama chumba na kuongeza kodi.

Leo jioni chukua karatasi, usiandike kwenye simu, simu ndiyo inayokuficha. Andika madeni yote manne: kiasi kilichobaki, riba ya mwezi, tarehe ya kulipa. Najua mkono utakuwa mzito. Niliwahi kumshikia kalamu mteja wangu mmoja akiwa ameketi kitini na nywele nusu zimesukwa, kwa sababu hakuweza kuandika jumla mwenyewe. Nilipoisoma kwa sauti alishusha pumzi, akasema alidhani ni kubwa zaidi. Baada ya hapo usifungue mkopo mpya hata mmoja. Wapigie wakopeshaji kabla ya tarehe kufika uombe kupangiwa upya malipo, maana ukipiga baada ya tarehe unapokewa kama mtoro. Kila deni lilipe kile cha chini kinachotakiwa, na senti yoyote ya ziada ielekee kwenye lenye riba kubwa kuliko yote mpaka lifutike, kisha linalofuata. Na mwambie mtu mmoja unayemwamini, dada au rafiki. Deni la siri humfanya mtu akubali masharti ambayo asingeyakubali mbele ya watu.

Kuhusu yeye. Hujaniuliza umwache na sitakuamulia. Nakuomba umwambie maneno haya, kwa upole, mkiwa mmekaa: "Udhamini sitaweka. Na deni la kwanza nataka tuandike utalipa kiasi gani, tarehe gani." Halafu nyamaza, umtazame. Anayekupenda anaweza kuona aibu, anaweza hata kukasirika kidogo, lakini atachukua kalamu. Akianza kukutishia kukuacha, kukununia siku nne, kukuita huna imani, au kutaka kadi na namba yako ya siri, hapo mazungumzo si ya pesa tena. Namba ya siri ibadilishe kabla hamjakutana, siyo baada.

Miaka 2 ni mingi, nalijua hilo. Usiruhusu ikufanye uongeze mingine 5 ya kulipa.

Shikamoo dada. Nimeanza kazi ofisini, ni mwezi wa pili. Nina nywele za asili, nazibana au naziacha afro. Msimamizi wangu kaniambia hazijakaa kikazi, "jaribu kuvumilia uziweke dawa kama wenzako." Nataka angalau ninunue nguo nyingi nzuri anione nadhifu, ila mshahara wa kwanza wote umekwenda huko. – Mgeni Ofisini

Marahaba. Nguo haziwezi kuomba msamaha kwa niaba ya nywele, na nywele zako hazina kosa. Jimbo la California huko Marekani lilipiga marufuku mwaka 2019 kumbagua mtu kazini au shuleni kwa sababu ya nywele zake za asili au mitindo kama misuko na dredi. Wabunge hawatungi sheria kwa jambo linalomsumbua mtu mmoja. Wewe si wa kwanza kuambiwa hivyo. Na dawa anayokushauri kwa wepesi ni kemikali kali inayoweza kuunguza ngozi ya kichwa. Nimeosha vichwa vyenye malengelenge. Kuiweka au kutoiweka ni uamuzi wako peke yako.

Unadhifu wa nywele za asili uko kwenye unyevu na umbo. Jumapili usiku zilowanishe, paka krimu kidogo, zisokote misokoto 10 au 12, funga kitambaa cha satini. Asubuhi zifumue zikiwa zimekauka kabisa, kwa vidole vyenye mafuta kidogo, na chanuo liguse mashina tu.

Nguo: acha kununua kwa mwezi mzima, uvae ulizonazo, ukitia alama kwenye kalenda kila unapovaa moja. Bei ya nguo igawanye kwa siku ulizoivaa. Gauni la 60 ulilolivaa mara 2 limekugharimu 30 kila safari. Sketi ya 90 uliyoivaa mara 45 imekugharimu 2. Ukirudi dukani, jambo la kwanza tazama mshono wa bega, ukae juu ya mfupa wa bega lako. Kiuno fundi atakipunguza, pindo atalipandisha, ila bega akilifungua ameishona nguo upya na atakulipisha hivyo. Finya kitambaa ndani ya ngumi uhesabu mpaka 10. Kikitoka na makunyanzi yasiyonyooka, ndivyo kitakavyokuwa saa nne asubuhi ukiwa kazini.

Msimamizi usimkwepe. Mwombe dakika mbili, faragha, umuulize: "Naomba kuona kanuni ya ofisi inayozungumzia nywele." Kama ipo, atakuonyesha maandishi na mtajua mnajadili nini, iandike tarehe uliyouliza na jibu alilokupa. Kama haipo, mwambie, "Basi nitaendelea kuja zikiwa safi kama leo," umshukuru, urudi mezani kwako.