Fuawe ya kuanzia uhunzi: simamisha chuma, usikilaze

Mkuu, umesema uko Tabora mjini, unataka kuanza kufua visu na mundu, mkaa na mvukuto unavyo, ila fuawe ya dukani (kile chuma kizito cha kufulia juu yake) imekushinda bei na watu wamekwambia utafute kipande cha reli. Nianze na hiyo reli.

Reli ni chuma kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini hapo Tabora ndipo njia ya Kigoma na ya Mwanza zinapoachana, na kipande cha reli kisicho na karatasi kinaweza kukuingiza kwenye kesi ya kuhujumu miundombinu, hata kama ulikinunua kwa muuza vyuma chakavu kwa nia njema. Huna karatasi, achana nacho. Ukiwa nazo, usikilaze kama kilivyolala njiani. Kiuno cha reli ni chembamba, kwa hiyo ukipiga kinacheza na nguvu ya nyundo inaishia humo. Kisimamishe wima, ufulie juu ya ncha yake iliyokatwa. Uso utakuwa mdogo, lakini chuma chote kitakuwa chini ya pigo.

Hapo ndipo siri ya fuawe ilipo: uzito ulio chini ya nyundo moja kwa moja. Ile pembe ya mbele ya fuawe ya dukani ni ya kukunjia tu, na wahunzi wa zamani wa Unyamwezi walifua majembe juu ya mawe yasiyo na pembe yoyote. Kwa hiyo kwa wauza chakavu usitafute umbo, tafuta unene. Shafti nene ya mashine, yenye kipenyo cha sm 10 na urefu wa sm 30, ina kilo 18 na ushee, na kwa nyundo yako ya kilo moja inatosha kabisa. Ukikosa, chukua kichwa cha nyundo kubwa ya kupasulia mawe, ile ya kilo 6. Kwa visu mimi ningeanza na hiki, maana uso wake umeshakaushwa kiwandani, yaani umefanywa mgumu kwa moto na kupozwa ghafla, na kinapatikana hata kikiwa hakina mpini.

Nenda na gololi ya beringi na rula. Safisha kutu sehemu ndogo, kaza chuma chini kisitikisike, angusha gololi kutoka sm 25. Ikirudi sm 15 au zaidi, nunua. Ikirudi chini ya sm 8, endelea kutafuta. Chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, kiache kabisa kwa kazi hii: bloku ya injini, drami la breki, mifuniko ya mashimo. Kinapasuka. Ukikigusa na grainda, cheche zake ni fupi na nyekundu iliyofifia, tofauti na cheche ndefu za chuma cha kawaida. (Hilo drami usilitupe lakini, ni jiko zuri la kufulia.) Zege nalo usilijaribu: chuma cha moto kikiligusa linaweza kuruka vipande usoni.

Sasa gogo, ambalo wengi wanaliharakisha. Chukua mkwaju mkavu wenye kipenyo cha sm 35 hadi 40 na urefu wa kama m 1.2. Mwembe unafaa kwa kuanzia ila unaoza haraka, na mninga waachie maseremala. Gogo lisimame kama mti ulivyoota. Mti mbichi ukikauka unapasuka na fuawe inalegea, kwa hiyo funga juu na chini kwa waya wa nondo uliokunjwa mara mbili, ukaze kwa koleo.

Kimo: simama wima, kunja ngumi, mkono uning'inie. Uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya ngumi. Ukiwa juu zaidi bega linachoka, ukiwa chini mgongo ndio utakaolipa. Fukia nusu mita. Mchwa wa huko hawana huruma, hivyo sehemu ya kufukiwa ibabue kwa moto kwanza, iache ipoe, kisha ipake oili chafu. Udongo wa kichanga haulishiki gogo vizuri, kwa hiyo shindilia kokoto tabaka kwa tabaka.

Kichwa cha nyundo chenye urefu wa sm 18 kizame sm 12, kibaki sm 6. Chora umbo lake juu ya gogo, toboa matundu mengi kwa drili, malizia kwa patasi. Kuna wanaokipasha moto ili kijichomee tundu. Usifanye hivyo, ugumu wa uso unaondoka papo hapo. Tundu likibana, paka masizi kwenye kitako cha nyundo, kiingize, kitoe. Panapobaki weusi ndipo palipoinuka, kwangua hapo tu. Rudia mpaka masizi yaenee chini kote. Usiweke mpira wa tairi chini yake, utameza pigo.

Kingo zilizovimba na kujikunja ziondoe zote kwa grainda, maana vipande vyake vinaruka kama risasi. Kingo zinazobaki zifanye mviringo, upande mmoja milimita 3, mwingine 6. Kingo kali inakata chuma unachofua, kipande kinajikunja juu ya kingine na kuacha ufa ndani ya kisu. Unaposaga, gusa na kuachia, mwagia maji. Rangi ya bluu ikitokea, pale pameshalainika.

Shafti ya kawaida usihangaike kuikausha. Kilo 18 hazipati moto wa kutosha kwenye jiko la mkaa, na ndoo moja ya maji haizipozi kwa kasi inayotakiwa. Chuma chekundu ni laini kuliko fuawe baridi. Makovu huletwa na nyundo iliyokosa shabaha. Kwenye uso uliokaushwa, nyundo ikikutana na nyundo bila chuma cha moto katikati, kipande kinaweza kumeguka, kwa hiyo vaa miwani.

Makelele yakiwasumbua majirani, bandika sumaku ya spika kuukuu ubavuni mwa fuawe. Ile sauti ya kengele inapungua sana.