Usiilaumu piezo: kwa wadogo zetu wanaoanza muziki wa majaribio Mombasa

Wadogo zetu, tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonyezo, imetoka Japani, ikabuniwa huko mwaka 1912, na wazee wa taarabu wakaifanya ala ya nyumbani. Kwa hiyo mkiibandika piezo, kile kisahani cha shaba na kauri kinachogeuza mtikisiko wa ala kuwa umeme, hamvunji mila ya mtu. Kinachouma ni kuisikia ikilia kama mkebe, na msikilizaji akadhani ndivyo mlivyokusudia.

1. Piezo haichomekwi moja kwa moja kwenye miksa. Kile kisahani cha milimita 27 ni kapasita, yaani kitunza chaji, ya nanofaradi 20 hivi. Tundu la maikrofoni lina ukinzani wa omu 2,000 hivi. Vikikutana, mmetengeneza kichujio kinachofifisha kila sauti iliyo chini ya Hz 4,000 (mitetemo kwa sekunde); huo ndio mkato wake. Tundu la laini la omu 10,000 lina nafuu kidogo: mkato unashuka hadi Hz 800. Lakini ile ngurumo mnayoisikia mkiutegea ubao sikio iko chini zaidi ya hapo!

Sasa tazameni linalofuata. Kijana anazungusha besi hadi mwisho. Besi haiji, maana haikuingia. Kinachopanda ni mvumo wa stima wa Hz 50. Anaongeza gein, yaani ukuzaji wa mawimbi yanayoingia, spika inapiga mbinja. Anaibandua piezo aihamishe, na ule utando wa fedha juu ya kauri unang'oka pamoja na risasi ya kulehemia. Basi piezo imekuwa mbovu, ananunua nyingine, na onyesho lijalo ni yale yale. Jamani, piezo haikuwa na kosa hata siku moja.

Dawa ni tundu lenye ukinzani wa omu milioni 1 au zaidi, mkato ushuke hadi Hz 8, ambako sikio halifiki. Tundu la ampu ya gitaa linatosha. Boksi la DI, lile la kuunganisha ala na miksa, la aktivu (linalotumia umeme) pia. La pasivu, lisilotumia umeme, mara nyingi halifiki hapo. Boksi likae karibu na ala, kebo isizidi mita 2.

2. Kulehemu: pasi ya wati 25 au 30, sekunde 2 juu ya kauri, basi. Waya wa kati kwenye kauri, shildi, ule wavu wa waya unaouzunguka, kwenye shaba.

3. Mnaotaka kurekodi chini ya maji pale Tudor, pakeni rangi ya kucha mara 3, kisha silikoni. Ile inayonuka siki inakula shaba, iacheni dukani. Uzito ubebwe na kamba, si kebo. Na ulizeni wavuvi habari ya maji: wakati wa bamvua yanashuka mita 3 na zaidi kwa saa 6 hivi, na piezo iliyozamishwa mita 2 maji yakiwa yamejaa itarekodi upepo. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, ndiyo yenu.

4. Kukiadhiniwa katikati ya saundi cheki, shusheni kila kitu bila kungoja kuambiwa.