Shokapu Yangu ya Kwanza Niliiua kwa Kuipulizia

Juzi msomaji mmoja wa Moshi aliniandikia akiuliza kama mafuta ya cherehani, yale ya kichupa chenye mdomo mwembamba, yanatosha kulainisha shokapu ya mbele ya baiskeli yake ya milimani. Nilicheka kidogo, kisha nikaona aibu, kwa sababu miaka minne iliyopita nilifanya jambo baya kuliko hilo bila hata kumwuliza mtu.

Nilikuwa nimenunua baiskeli ya mtumba yenye shokapu ya upepo, yaani inayotumia hewa badala ya springi, na kila Jumamosi nilipanda nayo huku kwetu Arusha kutoka Ngaramtoni kuelekea Oldonyo Sambu, ambako wakati wa kiangazi vumbi la Mlima Meru, laini kama unga wa muhogo, huingia hadi ndani ya soksi. Nikirudi nyumbani nilifuta mabomba ya ndani, yale yanayozama na kutoka shokapu ikibonyea, kwa kitambaa, nikayapulizia ile dawa ya kopo inayolegeza nati zilizoshika kutu, kisha nikabonyeza usukani mara kumi. Shokapu iliteleza ajabu. Niliwaonyesha wenzangu kwa majivuno na wawili kati yao wakaiga. Mpaka leo sijawaomba radhi.

Dawa ile ni nyepesi mno. Ilikuwa ikiiosha grisi iliyo chini ya midomo ya sili, zile pete za mpira zinazozuia vumbi na kubakiza oili ndani, ikikausha pete ya sponji inayokaa chini ya sili hizo, na kuteremka na vumbi hadi kwenye bushi, zile pete ambazo mabomba huteleza ndani yake. Utelezi niliokuwa nikijivunia ulidumu siku moja tu, ndiyo maana nilipuliza tena Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata.

Baada ya miezi minane nikaanza kusikia mgongano kila nilipofunga breki ya mbele. Fundi niliyempelekea alinijibu kwamba mafuta ni mafuta, akapaka grisi ya beringi za magari juu ya sili kwa nje, akapokea pesa yake. Jibu lile bado linaniuma. Nilipoifungua mwenyewe, mguu mmoja wa chini, yaani ganda la nje ambamo bomba huzama, haukutoa hata tone la oili, na mwingine ulitoa tope la kijivu. Bushi zilikuwa zimelika, na upande wa nyuma wa mabomba ile rangi ya juu ilikuwa imechubuka hadi alumini ikaonekana. Rangi hiyo si pambo, bali ni tabaka gumu lililooteshwa kwa umeme juu ya alumini yenyewe, na likishakwisha hakuna oili itakayolirudisha. Bei ya mabomba mapya ilizidi ile niliyonunulia baiskeli nzima.

Kwa hiyo ndugu yangu, elewa kwanza kwamba sili na bushi hazili chakula kimoja. Sili huhitaji grisi laini, kidogo, iliyopakwa kwenye nafasi iliyo kati ya midomo yake. Grisi nzito ya beringi huifanya shokapu isite kabla ya kusogea, na ikipakwa nje hukusanya vumbi. Bushi huhitaji oili inayobaki ndani ya miguu ya chini na kurukaruka nayo unapoendesha, na sponji lazima ilowekwe oili hiyo kabla ya kurudishwa. Sili nyingi za shokapu hutengenezwa kwa mpira wa naitraili, unaovumilia oili za madini na za sintetiki. Mpira wa breki zinazotumia maji ya DOT, yale ya breki za magari, ni wa jamii nyingine na huvimba ukiguswa na oili hizo, basi usichanganye vitambaa vya kufutia.

Namba za kwenye chupa nazo hudanganya. Oili ya shokapu iliyoandikwa 10 na kampuni moja inaweza kuwa nzito kuliko ya 15 ya kampuni nyingine, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja kinachozifunga. Kinacholinganishika ni sentistoki, kipimo cha uzito wa oili inavyotiririka, katika nyuzijoto 40. Kati ya kampuni za shokapu, RockShox imewahi kutaja oili ya 0W-30 kwa miguu ya chini ya shokapu zake kadhaa, nayo Fox ina oili yake ya uzito wa 20. Mimi, chupa ya shokapu ikikosekana Arusha, hutumia oili ya injini ya sintetiki ya 5W-40 katika miguu ya chini peke yake, wala siyo ndani ya mtambo unaozuia mwendo wa shokapu, na sijaona madhara. Kiasi nakipima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Yangu ya sasa huchukua mililita 10 kila mguu, lakini fuata kitabu cha shokapu yako.

Usizidishe pia. Niliponunua shokapu ya pili nilijaza grisi ndani ya chumba cha upepo kwa hofu ya yaliyopita, ikaziba kitundu kinachosawazisha hewa ya juu na ya chini, na shokapu ikagoma kufunguka hadi mwisho.

RockShox hushauri miguu ya chini ihudumiwe kila baada ya saa 50 za kuendesha, na Fox hushauri huduma ya shokapu nzima kila saa 125. Katika vumbi letu mimi nashika 50, tena naziandika ukutani. Mwezi uliopita nilifungua shokapu hii ya pili, ambayo sasa ina miaka miwili, na oili ikatoka ya kahawia, bila tope, bushi zikiwa zimekaza kama mpya. Nilimpigia mke wangu kelele aje aone.

Msomaji wangu wa Moshi na achunguze kwanza shokapu yake ni ya aina gani, kwa sababu nyingi za bei nafuu za SR Suntour zenye springi ya chuma hazina oili kabisa miguuni, na bushi zake hutegemea grisi. Kichupa cha cherehani asikitupe. Kinafaa kwenye nyaya za gia.