Kabla hujanunua gari la kifahari lililoshuka bei

Gari kubwa la kifahari la Ulaya la mwaka 2008 leo unaweza kulipata Dar es Salaam kwa bei ya Toyota ya kawaida ya miaka ya karibuni. Hapo ndipo wengi wanaponasa. Kilichoshuka bei ni gari lenyewe. Shokapu zake za upepo (zile zinazobeba gari kwa mifuko ya upepo badala ya springi), kompyuta ya giaboksi na pampu ya breki bado vinauzwa kama vifaa vya gari ambalo tajiri fulani alilinunua jipya. Kwa hiyo mtu akiniuliza lipi imara, la zamani au la kisasa, mimi humrudishia swali: likiharibika, nani atalitengeneza, na kwa shilingi ngapi?

Mimi naendesha Mercedes-Benz 250D, lile la toleo la W124, lililoanza kutengenezwa mwishoni mwa 1984 na kuendelea hadi miaka ya tisini. Injini ni ya dizeli, silinda 5, na haihitaji kompyuta ili iwake. Pampu ya dizeli inazungushwa na injini yenyewe, nozeli zinazonyunyiza dizeli zinafunguka kwa shinikizo, basi. Hata kuzima kwake kunafanywa na vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa inayopita kwenye mipira myembamba. Kwenye injini za aina hii mpira mmoja kati ya hiyo ukipasuka, unachomoa ufunguo na injini bado inanguruma. Anayeijua anafungua boneti, anaizima kwa mkono, na kesho yake anaweka kipande kipya cha mpira. Magari haya huharibika, asikudanganye mtu. Bushi zinakwisha, boljointi zinagonga, oili inavuja. Lakini ugonjwa wake unausikia na kuuona mapema, na fundi mzoefu anaufuata kwa spana na masikio.

Hata hivyo, wanaosema ya kale dhahabu wachague ni ya kale ipi. Mercedes-Benz za petroli za kati ya 1992 na 1995 hivi zina waya za injini ambazo plastiki yake hukauka na kumeguka, waya zikagusana na gari likaanza kukosa nguvu bila mpangilio. Ukilikuta la namna hiyo, uliza kama waya zilishabadilishwa kabla ya kuzungumza bei. E-Class iliyofuata W124 yangu, toleo la W210, inajulikana kwa kutu. Hata Lexus LS 400, iliyotoka 1989 na injini ya V8 ambayo naiheshimu kuliko karibu injini yoyote ya enzi zake, ina udhaifu wake: pampu ya usukani huvujia alternata iliyo chini yake, na kapasita (vifaa vidogo vinavyotunza umeme) ndani ya kompyuta ya injini huvuja kwa uzee. Yote yanatibika. Ila ujue unachonunua.

Ninaloliogopa zaidi ni kundi la katikati, magari ya takriban 2002 hadi 2012. Viwanda vilikuwa vinashindana kuingiza umeme kila mahali, na baadhi ya teknolojia hizo hazikuwa zimekomaa. Chukua Mercedes-Benz E-Class, toleo la W211. Ilianza 2002 na breki za SBC, ambazo sensa inasoma mguu wako na pampu ya umeme ndiyo inayosukuma mafuta ya breki. Kampuni iliyaita magari yarudi kukaguliwa mwaka 2004, ikayaita tena 2005, na ilipoliboresha gari hilo mwaka 2006 ikarejea kwenye breki za kawaida. Pampu ile ina hesabu ndani yake: ukikanyaga breki idadi fulani ya mara, dashibodi inadai ibadilishwe hata kama bado inashika. Mnunuzi wa tatu au wa nne, huku kwetu, ndiye anayefikiwa na hesabu hiyo.

Shemeji yangu alinunua gari la juu la Ulaya la miaka hiyo, zuri kwelikweli, kilomita chache. Asubuhi moja akalikuta limelala upande mmoja wa mbele. Mfuko wa upepo ulikuwa umetoboka, na kompresa, kwa kuhangaika usiku kucha kujaza upepo unaovuja, nayo ikaungua. Tulizunguka Ilala yote, Shauri Moyo hadi Gerezani. Za mtumba zilikuwepo, nazo zimechoka kama ile yake. Mpya ikabidi ziagizwe, na bei yake ilikaribia robo ya pesa aliyonunulia gari. Liliegeshwa miezi.

Nisiwe mchoyo wa ukweli: usiku, barabara ya Chalinze, malori yanakuja, mvua inanyesha, mke na watoto wamo ndani, ningependa kuwa kwenye gari la kisasa. Udhibiti wa mteleko kwa kompyuta, ESP, uliingia kwenye S-Class ya Mercedes-Benz mwaka 1995 na baadaye ukaenea kote. 250D yangu haina. Bodi za leo na mifuko yake ya hewa inayofumuka ajali ikitokea zinalinda watu kwa namna ambayo chuma kinene cha zamani hakiwezi. Kama safari zako ni za mikoani na familia, liweke hili juu kuliko hoja yangu ya spea.

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, hivyo jirani zetu hukutana zaidi na haya ya kisasa. Tanzania gari la zamani halikatazwi, ila ushuru wa uchakavu hupanda kadiri gari linavyozeeka, nao uuingize kwenye hesabu.

Ukishalipenda gari, usilipe siku hiyo. Nenda dukani kwanza ukaulizie bei ya shokapu, pampu ya maji, rejeta na kompyuta ya giaboksi ya gari lilelile, kwa namba ya chesesi. Omba gari lilale palepale, urudi alfajiri uone kama limeshuka, kisha uliwashe injini ikiwa ya baridi. Lipime kwa mashine inayosoma mifumo yote ya kampuni hiyo; kile kifaa kidogo cha kusoma taa ya injini tu hakitakuambia habari za breki wala upepo. Inua kapeti uguse kama kuna unyevu, maana maji yakifika kwenye visanduku vya umeme utabadilisha mafundi mpaka uchoke.

Na kama tayari unalo la kisasa, usisubiri dashibodi ikuambie wakati wa oili. Kwa foleni zetu na joto letu, badilisha kila kilomita 5,000 hadi 7,000. Oili ya giaboksi nayo ibadilishwe, hata kama kitabu kinadai ni ya maisha. Mercedes-Benz yenyewe ilisema hivyo kuhusu otomatiki yake ya gia 5, kisha ikabadili kauli. Betri ikianza kuchoka, weka mpya mapema, kwa sababu umeme ukipungua gari hizi huwasha taa za hitilafu ambazo hazipo, na fundi asiyejua hilo atakuuzia sensa tatu kabla ya kupima betri.