Maryborough haipo, na mjomba asiuze shamba

Wapendwa wa nyumbani,

Ile barua ya kazi mliyonitumia nimeisoma kazini wakati wa mapumziko, na chai ikanishinda kunywa. Wakala kaandika kwamba binamu yetu amepata kazi ya kutunza wazee "Maryborough, Queen's County, Ireland", mshahara mnono, nyumba bure. Halafu kwenye ile sauti aliyowatumia anasema makaratasi huku Ireland niliko ni rahisi, kwa sababu Waairishi nao walitawaliwa na Mwingereza, kwa hiyo wanatuelewa. Na nasikia mjomba ameshapata mnunuzi wa shamba la michungwa la Muheza.

Mjomba, shikamoo. Mwambie huyo mnunuzi asubiri kwanza.

Queen's County haipo tangu 1922. Maryborough haipo tangu 1929. Mji wenyewe upo, treni yangu ya kwenda Dublin hupita hapo, ila unaitwa Portlaoise, wenyewe wanatamka Pot-liisha, na kaunti yake ni Laois. Ukimtajia Mwairishi mji huo, cha kwanza kumjia kichwani ni gereza lililopo pale. Mwajiri wa kweli hawezi kukosea jina la mji wake kwa karibu miaka 100. Huyo wakala kanakili mahali, na alikonakili ni kwenye ramani ya enzi za ukoloni.

Huyo Mary wa jina la Maryborough alikuwa malkia wa Uingereza. Mwaka 1556, katika utawala wake, ardhi ya koo za O'More na O'Connor ilitwaliwa wakapewa walowezi. Kaunti moja ikaitwa ya Malkia, ya jirani ikaitwa ya Mfalme, yaani mumewe, Philip wa Hispania, na mji mkuu wa hiyo ya pili ukawa Philipstown. Leo ni Daingean. Mtindo ni uleule wa Wajerumani waliotuandikia Lushoto kuwa Wilhelmstal. Na huku hawakuishia hapo. Mfalme George IV alipotembelea mwaka 1821, bandari ya Dunleary ikageuzwa Kingstown. Malkia Victoria alipokuja 1849, Cove ikawa Queenstown. Ilipofika 1920 watu wakachoka, majina yakarudi: Dún Laoghaire na Cobh. Tena msiyasome kama yalivyoandikwa, mtachekwa. La kwanza ni Dan Liri, la pili ni Kov.

Kwa hiyo kwenye kutawaliwa wakala hakudanganya. Kadanganya kwenye "wanatuelewa".

Kuna mzee ninayemwogesha asubuhi. Kazi yangu ndiyo hiyo, msione picha za Krismasi mkadhani niko ofisini: nabadilisha pampasi, naosha, navalisha, nasukuma kiti. Ninapomvalisha soksi, mzee huyu hunitajia majina ya mashamba ya kwao, moja baada ya jingine, shamba la kisima, shamba la mbuzi, kona ya mwaloni. Ameshasahau majina ya wanawe, ya mashamba hajasahau hata moja. Ndugu zake wa kiume walipanda meli pale Cobh wakaenda Marekani na hawakurudi. Bandari hiyo peke yake, kati ya 1848 na 1950, ilitoa watu kama milioni 2.5. Sanamu ya msichana Annie Moore na wadogo zake imesimama pale gatini. Ndiye wa kwanza kupokelewa Ellis Island, kituo cha wahamiaji cha New York, tarehe 1 Januari 1892. Mzee akiniuliza mwanangu yuko wapi, nikimjibu yuko kwa bibi yake Muheza, hunyamaza na kunishika mkono. Huyo ananielewa.

Lakini mzee si afisa uhamiaji.

Sasa niwaambie linaloniuma. Mwenye kibali cha kazi cha kawaida kama changu lazima akae mwaka mzima ndipo aombe familia imfuate, tena aoneshe kipato na mahali pa kuishi. Mwaka ulipotimia nikaomba. Maombi yakarudishwa. Kosa? Anwani hazifanani.

Nakaa nje kidogo ya Nenagh, kaunti ya Tipperary. Nenagh, mnaitamka Niina, maana yake gulio, mngepapenda. Nyumba za shamba huku hazina namba wala mtaa. Anwani ni jina lako, jina la kitongoji, mji, kaunti, basi, na mtu wa posta anawajua wote. Vitongoji hivyo nchi nzima vinapita 60,000. Miaka ya 1820 na 1830 wanajeshi wa Uingereza walipima nchi yote kwa ajili ya kodi ya ardhi. Msomi mmoja, John O'Donovan, akazunguka kaunti kwa kaunti akiwauliza wazee na kupekua maandishi ya kale ili kila jina lijulikane asili yake. Kazi nzuri sana. Halafu jina likaandikwa kwa masikio ya Kiingereza. "Baile", makao, likawa Bally. "Béal átha", mdomo wa kivuko, mara nyingi nalo likawa Bally. Ballina ya huku kwetu, ukingoni mwa mto Shannon, ni hiyo ya kivuko.

Kitongoji changu nacho ni Bally kitu fulani. Mkataba wa pango umeandika kwa l moja, taarifa ya benki kwa l mbili, bili ya umeme imeweka jina la Kiairishi kama lilivyo kwenye kibao cha barabarani, kwa zile herufi za mlazo juu ya Kiingereza. Yote matatu ni sahihi! Msimbo wa posta ulioanza 2015 ulikuwa uleule kwenye karatasi zote. Haikusaidia. Mwenye nyumba nilipomwomba barua ya kuthibitisha, akasema atafikiria, maana hapendi jina lake lizunguke maofisini. Mwanangu akakosa kuanza shule huku muhula ule kwa sababu ya herufi l. Kuna kaunti nzima hapa, Donegal, jina lake ni Ngome ya Wageni. Wageni wenyewe walikuwa Wanorse, yaani Waviking wa Skandinavia, nao hakuna aliyewadai bili ya umeme.

Msije. Nasema kutoka moyoni, msije.

Ila dada yetu mwenye diploma ya unesi, wewe njoo. Manesi wana kibali cha daraja la juu, familia hawaisubirii mwaka. Anza usajili wa unesi wa huku sasa, usingoje mchumba akuruhusu. Njoo na koti zito. Au usinunue koti huko, utauziwa takataka, nitakutumia. Baridi yenyewe siyo kali kama wanavyosema, kinachoua ni mvua ya pembeni.

Na wewe binamu, mtu akikupa kazi, ulizia namba ya kibali. Ada ya kibali cha miaka 2 ni yuro 1,000, na mwajiri akiilipa haruhusiwi kukukata ili airudishe. Anayetaka bei ya shamba anataka kula. Muulize pia mji unaitwaje kwa Kiairishi. Ila ukiambiwa kazi iko Hospital, usikimbilie kukataa: ni mji kweli, kaunti ya Limerick, ulianzishwa na wale mashujaa wa msalaba waliouguza wagonjwa. Mwenzangu anakaa huko, kila akimwandikia mama yake anwani, mama analia.

Mjomba, akirudi huyo wakala mwambie barua imesomwa. Akibisha, nipigieni baada ya saa tano usiku ya huko, nakuwa nimetoka zamu. Ada ya shule ya watoto nimetuma Ijumaa. Isiguswe kwa ajili ya "fomu".